Choo Kilichosubiri Mgeni Rasmi

Chuo chetu cha ualimu kiko nje kidogo ya mji wa Singida, njia ya kwenda Ikungi, na kwa miaka yote niliyofundisha pale kilikuwa kinazeeka kwa adabu. Bati lilishika kutu, plasta ikabanduka, hakuna aliyelalamika. Kisha ukaja ukarabati. Tulijengewa jengo la utawala lenye vioo juu mpaka chini, ambalo ikifika saa nne asubuhi linachemka, kwa hiyo utawala wote ukahamishia meza zake kwenye kivuli cha jengo la zamani. Mabweni yalipakwa rangi upande unaotazama barabara tu. Mafundi walipomaliza kupaka chokaa mashina ya miti wakaona imebaki, wakapaka na lile jiwe nyuma ya bwalo, jiwe lenye ukubwa wa nyumba. Hayo yote nilicheka. Vyoo sikucheka.

Vyoo vipya vya wanafunzi wa kike vilikamilika vizuri: vigae, maji ya bomba, na pembeni chumba kimoja chenye njia ya mteremko na mlango wake, kwa ajili ya mwanafunzi wangu kutoka Mitundu anayetembea kwa magongo. Siku hiyohiyo vyoo vya zamani vikabomolewa ili mandhari yapendeze. Halafu vile vipya vikafungwa, utepe ukazungushwa, tukaambiwa vinasubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi ana ratiba. Ratiba ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena.

Nilimfuata mkuu wa chuo kivulini kwake. "Mkuu, wasichana waende wapi?"

"Mwalimu, kitu hakijazinduliwa utakitumiaje? Mgeni aje akute kimeshachafuka?"

"Ni choo, mkuu."

"Hata kama ni choo."

Basi wakawa wanakwenda kwa bibi jirani, mjane anayelima alizeti nyuma ya uzio wetu. Choo chake cha shimo alikitoa kwa moyo mweupe, ila hakuna kukatiza uani kwake bila salamu. Na salamu ya bibi yule si ya kukimbia. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, kwenu ni wapi, wazazi hawajambo, mvua huko imenyesha, mifugo je? Nimeona kwa macho yangu foleni ya walimu watarajiwa, wamebana miguu, wanaeleza hali ya mtama huko Ulemo. Aliyejibu kwa mkato alirudishwa kuanza upya. Mimi mwenyewe, mtu mzima na heshima zangu, nilirudishwa.

Mwanafunzi wangu wa magongo hakuwa kwenye foleni ile. Njia ya kwa bibi ni mawe matupu, na kuchuchumaa hawezi. Alijisaidia kwenye ndoo bwenini, wenzake wakitoka nje kumpisha, na kwa sababu ya aibu akaacha kunywa maji. Midomo ilimkauka, darasani akawa anasinzia. Nilipomuuliza, hakuzunguka.

"Madam, begi nimeshafunga. Nisipoingia kile chumba wiki hii, narudi nyumbani. Ualimu nautaka, lakini figo nazitaka pia."

Nilimwambia avumilie kidogo. Neno lenyewe lilinitia aibu kabla halijanitoka mdomoni. Usiku ule nililala na hasira.

Bahati nzuri ratiba ikakubali. Mahema yakafungwa, ngoma ikaja, na kamati ya sherehe ikamteua mwanafunzi wangu yuleyule wa magongo kusoma risala ya shukrani kwa niaba ya watumiaji wa vyoo ambavyo hakuna aliyevitumia. Mgeni rasmi alikata utepe, akafungua mlango wa kile chumba cha mteremko, akasifu vigae. "Karibu binti, ingia ukione."

Akaanza kupanda taratibu. Ndipo mkuu akamwinamia mgeni kumnong'oneza, akasahau kwamba ameshika kipaza sauti. "Mheshimiwa, ukiondoka tunafunga tena. Uzinduzi tayari, bado makabidhiano na mkandarasi."

Uwanja mzima ulisikia. Yule binti aligeuka, akamtazama mkuu, akaingia ndani. Tukasikia komeo.

"Risala, binti," mshereheshaji akamwita.

"Shikamoo mheshimiwa," sauti ikatoka ndani. "Tunashukuru sana. Ila mimi sitoki mpaka nipewe ufunguo wa hapa, na wenzangu wapewe wa kule."

Mkuu alibembeleza mlango. Mshereheshaji akaita ngoma, wapigaji wakakataa kuanza. Mgeni, mkasi bado mkononi, akamnyooshea mkuu mkono wa pili mpaka funguo zikatoka mfukoni. Mmoja, wa vile vyoo vingine, akanipa mimi. Wa pili, akachutama na suti yake, akausukuma chini ya mlango.

"Hayo ndiyo makabidhiano," akasema.

Tulisikia ufunguo ukiburutwa kwenye vigae. Kisha maji yakavutwa, nami nikapiga kigelegele ambacho hata harusini kwangu sikupigiwa.