Tumbo la Sajini Juu ya Bamba

Nilimchora sajini kwa mafuta ya sambusa. Huo ndio upumbavu wangu, nausema mapema. Baba alikuwa amesugua bamba la chuma, mlango wa tanuri la mikate la kambi, likang'aa kama kioo. Alipokwenda kukaza waya wa ethi, ule unaorudisha umeme ardhini, mimi vidole vinanitiririka mafuta na bamba tupu linaniangalia. Nikamchora mwenye kazi, tumbo kwanza. Likazidi ukubwa, nikalifuta kwa kiganja, mafuta yakabaki.

Sajini mwenyewe alikuwa njiani kulichukua.

Baba akashika bastola. Ni mashine tu ya umeme, ya kuchomelea vijiti vya chuma vitakavyoshika udongo wa tanuri, ila jina lake tulilitaja kwa sauti ya chini. Siku zile za utawala wa wanajeshi, mtaa wetu wa Kisugu mzima ulikuwa na masikio. Kijiti cha kwanza, pembeni: mwanga, ta! Sijapepesa jicho, vyuma viwili vimekuwa kimoja. Nimeona mara nyingi, na bado mdomo hubaki wazi.

Cha pili kikaangukia pale nilipochora tumbo. Kikatema cheche ovyo. Baba akakigonga nyundo, kikang'oka. Chini yake vitundu vitupu, kama mkate.

Mzaha ukaniisha. Kazi ya jeshi ikiharibika huitwa hujuma, na fundi hupakiwa kwenye gari, asirudi.

Baba hakupiga kelele. Akainama, akanusa bamba.

"Sambusa," akasema. "Ya nyama."

Akasugua upya bamba zima, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akaniweka mlangoni mikono nyuma kama mfungwa. Ta! Ta! Ta! Cha mwisho kilikuwa bado chekundu sajini alipoingia.

"Fundi, hii kitu nakamata?"

"Inakamata, afande."

"Lete nyundo. Mimi napiga mwenyewe."

Kati ya vijiti vyote vile, akachagua cha pale palipokuwa tumbo lake. Akapiga mpaka kofia ikamwanguka. Kijiti kikapinda, kikapinda tena, kikainama kama mtu aliyerukuu, lakini mguu wake haukubanduka.

"Wallahi," sajini akanong'ona, akikipapasa.

"Kilichopinda kinashika udongo vizuri zaidi, afande," baba akasema, uso mkavu kabisa.

Jioni alimsimulia mama, mwenye sambusa zake. Mama akanisogezea birika la maji.

"Watu hunawa kabla ya kula. Wewe utanawa na baada, kwa sabuni, mbele yangu. Baba yako ni mmoja, sina mwingine."