Matcha Iliyonuka Ubani

Tarehe 5 Oktoba 2025, Ghadeer Marhoon, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, aliacha kazi ya benki ili auze matcha, unga wa chai ya kijani ya Japani, mjini Sib.

Kuichagua alijifunza mwenyewe, kwa sampuli za mashamba mbalimbali ya Japani. Humwaga unga kidogo kwenye karatasi nyeupe akauburuta kwa kidole. Ulio mzuri huacha mstari mrefu, laini kama wanja, wa kijani cha majani machanga. Uliochakaa huwa na umanjano na mstari wake hukatika njiani. Halafu hunusa. Unga huu hunasa kila harufu iliyo karibu, kwa hiyo makopo yake hayakukaa jikoni. Yalikuwa na friji yao dukani.

Shamba alilolitaka, la mji wa Uji huko Japani, lilikubali kumuuzia mgao mmoja tu. Matcha ya daraja hilo ni adimu siku hizi, na mavuno mengine ni Mei. Mgao huo ulikuwa wa kumpata mteja mmoja wa kulibeba duka: hoteli moja ya mtaa wa Bustan. Loai, msimamizi wa vinywaji wa hoteli hiyo, mtoto wa watu wa Unguja kama yeye, aliahidi kuja kuonja Jumatano.

Jumanne Ghadeer alitoka kwenda kutafuta birika. Alimwachia mama yake, Bi Kheiria, pale dukani, mitungi mipya ya kauri ya kuhifadhia matcha, aioshe na kuikausha. Bi Kheiria aliiosha, akaikausha, kisha akaipindua mmoja mmoja juu ya chetezo cha ubani, kama anavyofanya kwa kila chombo cha maji ya kunywa tangu usichana wake Unguja. Akaona muda bado upo. Akafungua makopo yote, akajaza mitungi, akafunika barabara.

Asubuhi Ghadeer alichekecha unga, akatia maji yaliyoachwa yapoe kidogo baada ya kuchemka, akaupiga kwa upekecho wa mwanzi mpaka ukatoa povu jepesi. Rangi ilikuwa yenyewe hasa. Loai akainua bakuli, akasita.

"Dada Ghadeer, hii chai au umenialika harusini?"

Ghadeer akanusa. Akafungua mtungi wa pili, na wa tatu, akamgeukia mama yake aliyekaa kando.

"Mama, umeifukiza mitungi?"

"Ehe. Ulitaka mgeni anywe kitu kilichotoka chombo kitupu kama cha hospitali? Nna akili zangu bado."

"Anasema inanukia."

"Si ndiyo! Muongeze, mtoto wa watu."

Loai alimaliza bakuli kwa adabu. Mlangoni alisema hoteli haiwezi kuuza kitu kile, na kwamba wiki ile angesaini na muuzaji wa Dubai.

"Na Mei?" Ghadeer aliuliza.

"Mkataba wa mwaka, dada."

Ghadeer alitandaza unga kwenye sinia ili harufu itoke, katika chumba chenye baridi, taa zimezimwa. Harufu haikutoka. Iliyotoka ni rangi. Ukitiwa maziwa na sukari unanyweka, lakini hivyo hata unga wa dukani kwa jirani unanyweka.

Mama yake hajaambiwa. Anawahadithia majirani jinsi mtu wa hoteli alivyosifu harufu.

Benki imeshamwajiri mtu mwingine. Mwisho wa mwezi Ghadeer anarudisha funguo za duka, na mitungi inakwenda jikoni kwa Bi Kheiria, kutiwa maji.