Tone la Mchuzi Kiganjani

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo Paskazia alichelewa kazini, naye si mtu wa kuchelewa. Wiki tatu alikuwa kwao Ukerewe, anaamka jua limeshapanda, anakula sato wa kuchemsha, analala mchana bila kuomba ruhusa ya mtu. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, na katikati ikaja harusi ya mdogo wake Justa, ambako yeye ndiye aliyekabidhiwa masufuria yote. Jumapili jioni alivuka kurudi Mwanza, akalala chumbani kwake Kirumba, na asubuhi mwili ukagoma kabisa. Alikwenda mjini kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, huku akijilaani kwa sauti. Alijua kwamba siku hiyo si ya kuchelewa.

Bosi wake ni Champaben, mjane wa Kihindi anayeishi ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mwanawe Kishore. Jana yake mjane huyo alikuwa amefunga, hakutia kitu kinywani zaidi ya maji, na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya kufungua. Sasa, Champaben hafungui kwa chakula chochote tu. Chakula hupikwa, kikapangwa kwenye sinia, kikapelekwa kwanza mbele ya sanamu ya Krishna katika kichumba cha sala. Mungu akishakipokea, ndipo watu wanakula. Na kinachokwenda kwa Mungu hakionjwi na mtu, hata tone. Mpishi anatia chumvi kwa mkono wake na imani yake, basi.

Zamani Champaben alikuwa akipika mwenyewe. Kisha baridi yabisi ikamkunja vidole mpaka hawezi kushika mwiko, na sinia la Mungu akamkabidhi Paskazia, Mkerewe, Mkatoliki, mla samaki. Wanawake wenzake Champaben walinong'ona sana. Waache wanong'one. Champaben alimwekea masharti: akifika aoge, avae nguo zinazokaa palepale nyumbani, kisha ndipo aguse jiko. Akamkunjua kiganja, akamwagia chumvi katikati, akamwambia, "Hapa ndipo utapimia. Mkono wako ndio mkono wangu sasa." Asikudanganye mtu, kuaminiwa kuna utamu wake. Paskazia alikuwa amefanya kazi katika nyumba nyingi kabla ya hapo, na katika zote alikuwa dada wa kazi tu. Kwa Champaben alikuwa mtu, na hicho ndicho kitu ambacho hakutaka kukipoteza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa, Paska." Mama mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni mwa kichumba cha sala, shanga mkononi, midomo imekauka. "Fanya upesi. Leo sina nguvu."

Paskazia alioga, akabadili nguo, akaingia jikoni, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila kitu kilikuwa kimehamishwa. Shruti, mke wa Kishore, ndiye aliyekuwa akipika wiki hizo tatu, naye alipanga jiko kwa akili yake: bizari juu, samli chini ya sinki, chumvi nyuma ya unga. Paskazia alifungua makabati kama mgeni. Akabandika choroko, akakanda unga, akakaanga viazi, akarudi kuitafuta samli, na aliporudi kwenye choroko akasimama. Chumvi ametia au hajatia?

Hakukumbuka. Na kabla hajafikiri, mkono ukafanya ulichozoea kufanya kule Ukerewe kwa wiki tatu. Ukachota mchuzi kwa mwiko, ukadondosha tone kiganjani, kiganja kikaenda mdomoni.

Chumvi ilikuwemo, tena imekaa vizuri kabisa. Kisha akaelewa alichofanya.

Shruti akachungulia mlangoni. "Dada Paska, bado tu? Mama anatetemeka mikono. Ana sukari yule, na hamezi dawa mpaka ale."

"Shruti, nimeonja."

"Umeonja nini?"

"Choroko. Sikukusudia. Mkono umekwenda wenyewe."

Shruti akageuka kutazama ukumbini, akaingia, akafunga mlango nyuma yake. "Nani kakuona?"

"Hakuna mtu."

"Basi hujaonja. Pakua."

"Shruti..."

"Choroko nyingine mpaka ziive ni saa nzima. Akidondoka pale chini, utamwambia nini Kishore? Utamwambia ni kwa sababu ya tone? Pakua, dada."

Shruti hakuwa na roho mbaya. Alikuwa akimtetea mama mkwe wake, na maneno yake yalikuwa na akili. Paskazia akapakua. Akapanga wali, chapati zilizopakwa samli, viazi, na kibakuli cha choroko, akaweka jani la mrihani juu. Akabeba sinia. Alijiambia kwamba ni tone tu, kwamba Mungu mwenyewe anajua kutembea na likizo kichwani kukoje, kwamba mama mzee lazima ale. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomsaidia.

Champaben aliinuka kwa kushika ukuta. Kila siku, kabla ya kupokea sinia, huuliza neno moja, na Paskazia hujibu neno hilohilo.

"Safi?"

Paskazia akafungua mdomo. Jibu likakataa kutoka.

"Safi?" Champaben akarudia, sasa akimtazama usoni.

"Choroko nimeonja, Mama."

Shruti, nyuma yake, akasonya.

Champaben akakitazama kibakuli. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ukuta, na ulikuwa ukitetemeka kweli. "Kwa mwiko?"

"Kwa kiganja. Mkono umesahau, Mama. Nimetoka nyumbani."

"Wali?"

"Sijaonja. Chapati sijaonja, viazi sijaonja."

Mama akakitoa kibakuli kwa vidole vyake vilivyopinda, mchuzi ukamwagika kidogo sakafuni, akampa Shruti. "Peleka chini dukani, wafanyakazi wakale." Kisha akaingia na sinia lililobaki, na kengele ndogo ikalia ndani. Paskazia alibaki ukumbini akiwaza jinsi atakavyozikunja nguo zake na kuondoka. Alitaka kulia, akajizuia.

Champaben alikula wali na viazi, akameza dawa, rangi ikamrudia usoni. Ndipo akamwita.

"Ungesema safi, ningekula."

"Ndiyo, Mama."

"Nisingejua."

"Usingejua."

"Siku zote hizi," Champaben akasema taratibu, "nisingejua."

Paskazia akaelewa. Alikuwa amesema kweli ya siku moja, na sasa mama huyu alikuwa akirudi nyuma kwa mawazo, sinia baada ya sinia, miaka yote. Angenyamaza, angeaminiwa leo kama alivyoaminiwa mwezi uliopita. Hasira ikampanda, na hakujua amkasirikie nani.

"Ni leo tu, Mama. Haki ya Mungu, ni leo tu."

"Choroko nyingine," Champaben akasema, "za sinia la mchana. Na mimi niletee kiti jikoni."

Basi ndiyo hivyo, Paskazia aliwaza, nitapika nikilindwa kama mwizi. Akaleta kiti, akakiweka mahali pazuri pa kulinda, kinatazamana na jiko. Champaben akakaa. Choroko zikabandikwa, zikachemka, zikaanza kupasuka. Ikafika saa ya chumvi. Paskazia akamimina kiganjani, akasita juu ya sufuria. Macho ya mama yalikuwa kwenye kiganja hicho.

Champaben akainuka. Akakisukuma kiti kwa mikono yake mibovu, kikakwaruza sakafu, akakigeuza, akakaa tena kuelekea dirishani, jiko likiwa nyuma ya mgongo wake.

"Tia," akasema.