Pampu Yenye Kitambaa Chekundu

Shangazi yangu, aliyenifundisha biashara ya samaki wakavu pale Longech, alikuwa na kitambaa chekundu alichokata kwenye leso kuukuu. Gunia likinyeshewa au likiingia wadudu, alilifunga kitambaa hicho shingoni, na hilo ndilo alilolishusha kwanza mbele ya mnunuzi. Nilipokuwa msichana niliona ni wazimu. Nani anaanza kuuza kwa kuonyesha kibaya? Baadaye alipozeeka na kunikabidhi wateja wake pamoja na kitambaa chake, ndipo nilipoona faida yake. Magunia ya wachuuzi wengine, watu waliyafungua na kutumbukiza mkono hadi kwapani, wakanusa, wakabishana. Yetu waliyapokea yakiwa yamefungwa.

Kwa hiyo nilipoenda Eldoret kununua pikapu mpya, ambayo viti vyake vilikuwa bado na nailoni, nilimuuliza meneja wa kampuni ya magari swali la kwetu.

"Ugonjwa wake ni gani?"

Akacheka. "Madam, hii ni gari mpya. Haina ugonjwa."

Nikamwambia kila kitu kina ugonjwa wake, yeye aniambie tu, nitanunua nikijua. Akanipa kofia yenye nembo ya kampuni. Nilirudi Lodwar nimeivaa, mjinga mimi, nikiwapungia watu mkono.

Haikuchukua muda injini ikaanza kuchemka. Napakia samaki Longech, napita Lodwar salama, halafu kwenye barabara ya Kakuma jua likishapanda, mshale wa joto nao unapanda. Moshi mweupe unatoka chini ya boneti, nami nasimama kando ya laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji, nikisubiri chuma kipoe huku samaki wakiiva mara ya pili chini ya turubai.

Nilimpigia meneja. Akasema ni vumbi. Mara ya pili akasema ni uendeshaji wangu. Mara ya tatu akaniomba picha, na hapo akapata alichokitaka. Madereva wa huku hufunga gunia tupu mbele ya pua ya gari kuzuia mchanga usiingie kwenye rejeta, nami nilikuwa nimelifunga langu. Aling'ang'ania gunia lile kama kupe. Haya, nikalitoa. Injini ikachemka vilevile.

"Labda ni mafuta ya huko kwenu," akasema.

Lile neno la huko kwenu lilinichoma kuliko injini yenyewe. Mafuta yetu yanatoka kwenye malori yaleyale yanayopita mlangoni kwake.

Lakini hasira ningeiweza. Nisichokiweza kilikuwa Kakuma. Pale kwenye soko la kambi ya wakimbizi kuna mama Mkongomani aliyeanza kununua kwa shangazi kabla ya kununua kwangu. Ndiye anayechukua karibu mzigo wangu wote, na hajawahi kufungua gunia. Nilipochelewa mara ya kwanza alinipa pole na chai. Nilipoendelea kuchelewa, pole ikaisha, chai ikabaki. Halafu jioni moja nilifika wateja wake wakiwa wameshaondoka, na samaki walikuwa wameshinda juani. Hakunisalimu. Aliinama, akafungua kamba ya gunia la kwanza, akatia mkono.

"Mama, unanifungulia?" nikamuuliza.

"Batu balishaenda," akajibu bila kuinua kichwa. "Unakuya kuchelewa kila siku. Minaangalia tu."

Alifungua yote. Nilisimama pale nikitamani ardhi inimeze. Kitu ambacho shangazi alikijenga maisha yake yote kilikuwa kinafunguliwa gunia kwa gunia, na aliyekiharibu alikuwa amekaa kwenye ofisi yenye feni.

Ndipo kampuni ikatangaza kwamba mafundi wake watakuja Lodwar kukagua magari ya wateja. Walipiga hema jeupe kando ya kituo cha mafuta, wakaleta soda na kofia nyingine. Nilifika asubuhi na mzigo wangu wa Kakuma, nikakuta foleni ya pikapu kama yangu, rangi tofauti, ugonjwa mmoja. Pasta mmoja aliniambia anahubiri akiwa na mtungi wa maji ndani ya gari. Mzee mwingine, mchuuzi wa samaki kutoka Todonyang, alisema amefikiria kurudia punda.

"Nao wanakwambia ni vumbi?" nikamuuliza.

"Mimi waliniambia ni mguu yangu. Eti nakanyaga vibaya."

Zamu yangu ilipofika, fundi wa kampuni hakuuliza chochote. Alienda moja kwa moja kwenye pampu ya maji, akaifungua, akaitoa. Mapanga yake ya ndani, yale yanayosukuma maji, yalikuwa ya plastiki, na yalikuwa yamepasuka. Kisha akachukua nyingine kwenye sanduku. Ilikuwa pampu ileile, umbo lilelile, isipokuwa mapanga yake yalikuwa ya chuma. Nikachungulia ndani ya sanduku. Zilikuwa zimejaa.

Nikamwita meneja, maana naye alikuwa amekuja, shati jeupe na viatu vilivyoanza kujuta.

"Kama hakuna ugonjwa, hii dawa ilitengenezewa nani?"

Akanivuta pembeni. Alikuwa mpole ghafla. Akasema watanifungia pampu mpya bure, kwa hisani ya kampuni, kwa sababu mimi ni mteja wa maana sana kwao. Ombi lake lilikuwa dogo tu. "Hao wengine tusiwashtue, madam. Yule ambaye atalalamika, tutamsaidia." Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mkono wake wa pili ulikuwa ukinielekeza kwenye soda.

Nilingoja fundi akaze bolti ya mwisho, nikawasha injini, nikasikiliza. Ilikuwa safi. Kisha nikanyoosha mkono.

"Nipe ile ya zamani."

Fundi akamtazama meneja. Pampu yangu ilikuwa tayari ndani ya sanduku lao. Nadhani kwao Eldoret wateja huziacha. Lodwar, fundi akikubadilishia kifaa, hata kiwe nati, anakuwekea kile kibovu mkononi ukione, la sivyo hajatengeneza kitu. Meneja akaanza kusema habari za utaratibu wa kampuni. Wazee waliokuwa kwenye foleni wakasogea. Pasta akasogea. Nikapewa pampu yangu.

Nilitoa kitambaa chekundu kwenye droo ya gari, nikakifunga kwenye pampu, nikaitundika mbele ya pua ya gari palepale lilipokuwa gunia. Mzee wa Todonyang aliiona, akaelewa kabla sijafungua mdomo, akacheka hadi akashika magoti. Yake aliidai pia.

Nilifika Kakuma jua bado liko juu. Katika mzigo ule kulikuwa na gunia moja lililonyeshewa, na kitambaa kilikuwa kazini kwingine, kwa hiyo nililishusha kwanza nikasema kwa mdomo kwamba hili ni bovu. Mama akaitazama pampu.

"Bale ba kampuni balikuwambia ugonjwa?"

"Hawakuniambia. Mimi ndiye ninayewaambia watu."

Simu ikalia. Alikuwa meneja, na maneno ya watu walioiona pampu njiani yalikuwa yamemfikia kabla sijafika. "Madam, tafadhali toa hiyo kitu. Unaharibu jina yetu."

"Waite wenye magari wote," nikamwambia, "uwaambie mbele ya watu, bila kunong'ona. Siku hiyo nitaitoa."

Nilipokata simu, mama alikuwa ameshaanza kubeba magunia ndani. Kamba zote zilikuwa bado zimefungwa.

Kampuni iliwaita, kwa tangazo redioni, na hema likarudi. Nikaishusha pampu na kukitoa kitambaa changu, maana nilikihitaji kwa samaki. Na biashara ilipopanuka nikaenda tena Eldoret kutafuta gari la pili. Wengi walinishangaa kurudi palepale. Meneja aliponiona alisimama. Hakunipa kofia.

"Ugonjwa wake ni gani?" nikamuuliza.

Alitazama mlango wa ofisi ya mkubwa wake, kisha akanitazama mimi. "Breki ya nyuma," akasema kwa sauti ya kawaida. "Inaisha haraka kwa mchanga. Beba za akiba."

Nikalichukua.