Mgeni Aliyekuja Kuchukua Hita

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya ninayoyasema yalitokea nyumbani kwetu Markham, huku ughaibuni, mimi nikiwa macho, nimeshiba, na akili zangu timamu. Sikuhadithiwa na mtu. Nimechoka na watu wa kanisani wanaoniambia eti ni msongo wa mawazo wa kukosa kazi. Msongo wangu mimi wa mawazo unaingiaje kwenye mkono wa mtu mwingine?

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kazi sina, naishi kwa mama. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Aliponunua nyumba yetu aliikuta na hita yake kuukuu ya kupasha nyumba nzima joto kule chini, besimenti, dude la chuma lenye kutu ambalo likiwaka sakafu inatetemeka. Kila majira ya baridi tulikuwa tunaliombea. Mwaka ule zamu ya mama kwenye upatu wa kina mama wenzake ikafika, akasema fedha yote inaenda kwenye hita mpya, hata kama haitoshi kununua ile ya kisasa kabisa.

Kazi ya kuchagua akanipa mimi. Hapo alikosea, maana mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linaoza. Nilisoma habari za hita mpaka nikaziota. Ya ukubwa gani? Itakula gesi kiasi gani? Bomba la moshi la zamani litafaa? Na je, fundi akitudanganya? Mtaani kwetu walikuwa wanapita vijana nyumba kwa nyumba, vitambulisho shingoni, wanajifanya wakaguzi, wanawasainisha wazee mikataba ya kukodi hita ambayo haina mwisho. Niliwachukia. Bado nawachukia. Mwishowe nikapata fundi wa gesi mwenye leseni, bei yake tunaiweza, akasema atakuja Jumamosi.

Alhamisi hita ikafa.

Tukakaa ndani na makoti. Ukifungua mdomo kusema neno, mvuke unakutoka kama uko barabarani. Jioni ile, mapema tu lakini giza limeshaingia kama kawaida ya Januari, mama alikuwa jikoni anachemsha chai ya tangawizi, mara tukasikia sauti mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Niambie wewe: Markham, kwenye theluji, nani anapiga hodi? Majirani hubonyeza kengele. Watanzania wenzetu hupiga simu wiki nzima kabla ya kuja. Mimi nikaanza kuwaza. Mama hakuwaza. Mtu aliyelelewa Moshi akisikia hodi, mdomo unajibu wenyewe hata kama mikono iko kwenye unga.

"Karibu! Karibu ndani!"

Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Naapa nilikuwa nimeufunga. Lakini mtu akaingia.

Alikuwa mwanamume wa makamo, koti la kifundi la buluu, sura ya kwetu kabisa, ukikutana naye Arusha hugeuki kumwangalia mara ya pili. Viatu vyake vikavu. Nje theluji ilikuwa inafika magotini, na viatu vyake vikavu!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na baridi."

"Mimi nimeshaizoea. Nimesikia hita imewaangusha. Nimekuja kuichukua."

"Mungu ni mwema!" mama akasema. "Kumbe tuna fundi Mtanzania hapa hapa, na sisi tunahangaika na Wazungu?"

"Nani amekuambia imekufa?" nikamuuliza.

Mama akanikata jicho. "We mtoto! Mgeni hata hajakaa, umeshaanza upolisi wako?"

Akapewa kiti, akapewa kikombe cha chai inayofuka. Akakishika kwa mikono miwili, hakunywa, na kufuka kukakoma. Hapo ndipo nilipoona lile jambo ambalo mpaka leo likinijia nashikwa na hasira. Mama akiongea, mvuke unamtoka. Mimi nikiongea, unanitoka. Yule akiongea, hakuna kitu. Kinywa kikavu kama viatu vyake.

Unadhani nilisema? Nilikaa nawaza. Labda ana ugonjwa. Labda ni taa. Labda kuna sababu ya kisayansi nami sijaisoma.

"Ya zamani naiondoa bure," akamwambia mama kwa upole. "Mpya naleta kesho. Fedha yenu ya upatu fanyieni jambo lingine. Mimi nataka mwenye nyumba anipe mkono tu, aseme nichukue."

Upatu! Nani alimtajia upatu?

"Uchukue nini?" nikauliza.

"Kilichomo," akanijibu, bila kuniangalia.

Mama akampa mkono. Angefanyaje? Mgeni amenyoosha mkono sebuleni kwako, umwache unaning'inia? Niamini, kwa mama yangu jambo hilo halipo. Alipomshika tu, matundu ya hewa sakafuni, ambayo hita ilipokuwa nzima yalikuwa yanapuliza, yakaanza kuvuta. Pazia likalala chini likanyonywa kuelekea tundu. Kule besimenti lile dude lililokufa likatoa sauti ya mtu anayevuta pumzi ndefu. Midomo ya mama ikawa na rangi ya jivu. Akafungua kinywa kusema neno aliloombwa, na mvuke wake ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Toka!" nikapiga kelele. "Toka nyumbani kwetu, mshenzi wewe!"

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima maneno hayo. Akatabasamu. "Nilikaribishwa."

"Na mimi nakufukuza! Mwachie mama yangu! Toka!"

Akamwachia taratibu, kidole kimoja kimoja, akainuka, akatoka. Nikakimbilia mlangoni. Kwenye ngazi theluji ilikuwa laini, haina alama ya mguu, si wa kuingia wala wa kutoka. Nikarudi kwa mama. Unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini?

"Umenitia aibu."

Jumamosi fundi wa gesi akaja. Alipofungua ile hita kuukuu alikuta ndani imejaa barafu tupu, kuanzia chini mpaka juu. Akatukana, akauliza kama tuliacha dirisha wazi. Hita mpya aliifunga vizuri, na nyumba sasa ina joto unaweza kutembea na fulana. Ila mkono wa kulia wa mama haujapata joto tangu siku ile. Daktari anasema ni mzunguko wa damu, lakini vipimo vyake vyote ni safi. Kazini wazee wakaanza kuruka akiwagusa. Bibi mmoja aliyempenda sana alilia kama mtoto. Wakubwa wakamtoa kwa wazee, wakampeleka kukunja mashuka, na kuwahudumia wazee ndiyo kazi aliyokuwa anaipenda duniani.

Bado anamtetea. "Alikuwa mgeni, wewe ndiye uliyemfukuza vibaya." Nimelifikiria hilo usiku na mchana, kwa namna zote ninazozijua, na jibu langu ni moja: ningemfukuza mapema zaidi.

Anapita bado. Majira ya baridi yaliyopita mama mmoja wa Unionville, hapa jirani, aliniambia hita yake inakohoa, tena juzi alisikia kama hodi. Nilimfokea kwenye simu mpaka akalia. Sikumwomba radhi.

Nawe unayesoma, usinionee huruma. Hita yako ikifa, tafuta fundi unayemjua, vaa koti, subiri. Sauti ikikuita kwa lugha ya kwenu, nyamaza mpaka uone ni nani. Akikuambia huna adabu, kubali huna. Mimi kila asubuhi nalijaza beseni maji ya moto, nauloweka mkono wa mama humo, na kila asubuhi kinachobadilika ni maji.