Safari ya Mama Kwenda Mwanza

Mama alianza kwa kusahau majina, kisha njia. Mara mbili majirani walimkuta asubuhi akielekea Kihanga, kitenge begani, akisema anarudi kwao. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, akaandika kwamba tumpeleke kwa daktari wa huko. Tusipande meli, alisisitiza. Mtu anayetangatanga hafai kulala juu ya maji. Akatuma tiketi mbili za ndege. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na nyumbani kwetu Bugene hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Tulishuka Bukoba kwa basi, tukalala kwa shangazi. Asubuhi, uwanjani, Mama alikuwa mtulivu. Aliwapa shikamoo hata vijana ambao wangempa yeye. Mimi aliniita "binti" tu, maana jina langu lilikuwa limeshampotea.

Ndege ndogo ikatokea upande wa ziwani. Mngurumo ulipotufikia, Mama aliniangusha. Sikujua kama bado ana nguvu zile. Alinilaza kifudifudi kwenye nyasi, akanilalia mgongoni, akaninong'oneza kwa Kinyambo, "Nyamaza, mwanangu. Usiinue kichwa."

Nikaelewa. Mwaka 1978, vita vilipoanza, nilikuwa na miaka minane. Kila iliposikika ndege alinikimbiza kibanjani, katikati ya migomba, akanifunika vivyo hivyo, moyo wake ukinigonga mgongoni.

Abiria walitutazama. Mfanyakazi mmoja wa uwanja alitaka kumwinua, nikamwomba amwache. Tulilala pale mpaka injini zikazimwa.

"Zimepita, Mama," nikamwambia.

"Zote?"

"Zote."

Akainuka, akanipangusa nyasi kwenye gauni, akakubali kuongozwa. Nilimdanganya kwamba tunapanda gari la kaka. Hilo linaniuma hadi leo. Injini zilipowashwa tena alinivuta kichwa, akakilaza mapajani pake na kukifunika kwa kitenge. Nilisafiri hivyo hadi Mwanza, ziwa sikuliona. Nililia humo ndani, naye akanipapasa, akidhani naogopa mabomu.

Daktari alimpima siku mbili, kisha akatueleza kwa upole kwamba ugonjwa ule hauna dawa. Tusimwache peke yake, alisema, wala tusibishane naye. Kaka hakutaka kusikia tena habari za ndege. Aliomba likizo, tukarudi kwa meli sote watatu, Mama katikati, kila mmoja wetu amemshika mkono.

Aliishi miaka miwili zaidi. Niliacha kufundisha katika shule ya Chonyonyo nikahamia kwake. Wageni walipomuuliza mimi ni nani, aliwajibu kwamba ni mtoto wa watu, ana roho nzuri, huja kumsaidia kumenya ndizi. Sikuwahi kumsahihisha.