Kopo la Bi Darubini

Zamani mpiga picha alirudi kutoka porini na filamu mfukoni na udongo kidogo kwenye bahasha. Siku hizi picha inaingia yenyewe kwenye kompyuta, imejipodoa kama bibi harusi, na hakuna anayeiuliza ilikotoka.

Bi Darubini aliuliza. Kwa miaka thelathini na moja alikagua picha za wanyama katika kiwanda chetu cha vitabu, mimi nikiwa fundi wa mashine ghorofa ya chini. Hakuwa na cheti, kama mimi. Alikuwa na lenzi ya kukuzia, aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kopo la maziwa lililojaa bahasha: udongo, nyasi kavu, manyoya ya ndege, nywele za simba zilizonaswa miibani. Kila mpiga picha alitakiwa kumletea chochote cha pale alipopigia. Rangi ya picha ikifanana na kilichomo kwenye bahasha, anasaini nyuma. Isipofanana, irudi. Bila saini yake sikuwasha mashine.

Asubuhi ile jalada la kitabu lilikuwa limechelewa. Mkuu mpya wa picha alikuwa mtoto wa dada yake Bi Darubini, aliyemlea mwenyewe tangu ana miaka minne. Nilipopanda kulichukua, niliwakuta wameinamia simba jike mwenye rangi ya chungwa bivu.

"Huyu ana homa ya manjano?" Bi Darubini aliuliza.

"Mama mdogo, watu wanapenda picha inayong'aa."

"Hata sufuria inang'aa. Bahasha yake iko wapi?"

"Bahasha zimekwisha siku hizi. Saini tu, nakuomba. Wakubwa wamesema usiposaini leo, kesho usije."

Nilisimama mlangoni, hata chafya niliimeza. Bi Darubini alishusha lenzi juu ya jicho la simba.

"Nionyeshe ilivyokuja."

Kijana alisita, kisha akaifungua kwenye kompyuta. Simba alikuwa wa rangi ya vumbi. Nyasi za nyuma yake zilionekana unyasi mmoja mmoja, lakini jicho lilikuwa ukungu mtupu.

"Kwa hiyo jicho umelitoa kwa simba mwingine."

"Nani atajua?"

"Wewe. Nilikufundisha kuanza na jicho, ukiwa umesimama juu ya kiti hiki hiki kwa sababu meza hukuifikia."

Akamsukumia kalamu. Kijana aliitazama, akasaini yeye, akanipa jalada bila kuniangalia usoni. Na mimi ninayelalamika hapa nilishuka, nikawasha mashine.

Mchana niliwaona kwenye ngazi za nje, na baada ya hapo sikuwaona tena pamoja. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

"Mama mdogo, kuna utelezi. Nipe mkono. Lete na hilo kopo nikubebee."

Mkono alimpa. Kopo alilibana kwapani, wakashuka.